Van de Velde: Mchoraji wa Vita Aliyehamia kwa Adui

Katika hesabu za majengo ya mfalme wa Uingereza za mwaka 1675 kuna mstari mmoja kuhusu madirisha. Jozi tatu za vifuniko vya mbao ziliagizwa kwa ajili ya madirisha matatu ya chumba cha chini katika Nyumba ya Malkia, Greenwich, chumba ambamo, kwa maneno ya karani, wachoraji wa Kiholanzi hufanya kazi. Karani hakuandika majina. Walikuwa baba na mwanawe, na wote wawili waliitwa Willem van de Velde.

Mstari huo ungepita bila kutazamwa mara mbili kama si tarehe yake. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, Juni 1672, meli za mfalme huyohuyo zilikuwa zikiungua mbele ya pwani ya Suffolk, mahali paitwapo Solebay, na Van de Velde mkubwa alikuwa kwenye mashua ndani ya msafara wa meli za Uholanzi, karatasi mapajani, akichora jinsi zinavyoungua. Majira ya baridi yaliyofuata, vita vikiwa bado vinaendelea, alivuka bahari na kuingia London pamoja na mwanawe. Yeye alikuwa na miaka 61, kijana ana 39. Mwanzoni mwa 1674 wote wawili walikuwa kwenye orodha ya mishahara ya Charles II.

Mwaka 2023 jumba lilelile la Greenwich liliwaandalia maonesho kuadhimisha miaka 350 tangu walipofika, na swali la zamani likarudi mezani. Je, Van de Velde mkubwa alikuwa msaliti aliyeuza vita vya nchi yake kwa adui, au fundi aliyefuata riziki kama fundi yeyote? Wahenga walituachia methali mbili zinazomsihi mtu abaki kwao. Moja inasema mcheza kwao hutunzwa. Nyingine inasema pabaya pako si pema pa mwenzako. Van de Velde alizikanusha zote mbili kwa mpigo, ndiyo maana kesi yake haijaisha.

Nianze na upande wa mashitaka, kwa sababu una hoja nzito kuliko watetezi wake wanavyokiri.

Willem mkubwa hakuwa mchoraji wa kukaa nyumbani akisubiri wateja. Alizaliwa Leiden mwaka 1611, mtoto wa nahodha, na bahari aliijua kabla ya kushika kalamu. Familia ilipohamia Amsterdam alijipatia jina kwa ufundi ambao ni wachache waliuthubutu: ubao au turubai inapakwa rangi nyeupe mpaka iwe laini kama ganda la yai, kisha picha nzima inachorwa kwa kalamu na wino, mstari kwa mstari, hadi mtazamaji adhani anaangalia chapa ya sahani ya shaba. Rangi ya mafuta ikikosewa hupakwa nyingine juu yake. Wino juu ya weupe ule hauna msamaha wa namna hiyo. Kila kamba ya tanga, kila mdomo wa mzinga, inabidi aliyeichora awe anajua inaanzia wapi na inaishia wapi.

Ujuzi huo aliupata vitani. Agosti 1653 alikuwepo katika pigano la Ter Heijde kati ya Waholanzi na Waingereza, ambako admirali Maarten Tromp aliuawa kwa risasi. Miaka minne baadaye alilichora pigano hilo kwa wino kwenye kazi ambayo leo iko Rijksmuseum, Amsterdam, yenye upana wa karibu mita tatu. Ukisogea uangalie sehemu ya mbele ya picha, utaona mashua ndogo ya aina ya galioti, na ndani yake mtu ameketi anachora. Ni yeye mwenyewe. Amejiweka pale kama muhuri: nilikuwepo, niliona.

Mwaka 1666, kabla ya Vita vya Siku Nne, admirali Michiel de Ruyter alimwandikia nahodha wa galioti amri kwamba amchukue Van de Velde na kumpeleka popote atakapotaka kwa ajili ya michoro yake. Amri hiyo ni nzito. Ni mtu wa namna gani anayepewa chombo, nahodha na ruhusa ya kuzunguka katikati ya msafara wa vita? Huyo ni mtumishi wa dola, hata kama hana cheo. Mizinga ya jamhuri ya Uholanzi ndiyo iliyomlinda alipokuwa akichora.

Na alichokuwa akichora kilikuwa na thamani zaidi ya urembo. Michoro yake ya baharini ni karatasi ndefu, nyingine zimeunganishwa mbili au tatu ili msafara mzima uenee, penseli chini na wino mwepesi wa kijivu juu. Pembeni ameandika majina ya meli na maelezo ya kilichokuwa kikitendeka. Pale alipopata nafasi bandarini alichora meli moja moja, hasa tezi yake, yaani sehemu ya nyuma. Enzi hizo tezi ndiyo iliyokuwa uso wa meli. Nakshi za simba, ngao na miungu ndizo zilizomwambia baharia chombo kile ni kipi na ni cha mji gani. Mtu mwenye makabati yaliyojaa nyuso za meli za kivita za Uholanzi, pamoja na idadi ya matundu ya mizinga kila ubavu, alikuwa na hazina mkononi. Hazina hiyo haikubaki Amsterdam alipoondoka.

Hapo mwendesha mashitaka anafika kwenye kielelezo chake kikubwa. Moja ya kazi ambazo Van de Velde aliwafanyia Waingereza ni michoro ya kuongozea mafundi wa mazulia ya ukutani yanayoonesha pigano la Solebay. Pigano hilo, kumbuka, alilishuhudia akiwa upande wa De Ruyter. Kile alichokiona kwa ulinzi wa Waholanzi, kwa mashua yao, kikageuzwa kuwa sufu na hariri za kupamba kuta za yule aliyekuwa akipigana nao. Kama hilo si kuuza, mshitaki anauliza, basi kuuza ni nini?

Upande wa utetezi nao haukosi la kusema, na huanza na mwaka wenyewe.

Waholanzi wanauita mwaka 1672 mwaka wa maafa. Ufaransa na Uingereza ziliwashambulia kwa pamoja, na maaskofu wa Münster na Köln wakaongezea kutoka mashariki. Miji ilianguka mmoja baada ya mwingine hadi wakafungulia maji mashamba yao wenyewe ili kuwazuia Wafaransa. Agosti, ndugu wawili de Witt, mmoja wao akiwa ndiye aliyeiongoza jamhuri kwa karibu miaka ishirini, waliuawa na umati wa watu mjini The Hague na miili yao ikakatwakatwa. Katika nchi iliyo hivyo, nani ananunua picha? Soko la sanaa lilikufa. Johannes Vermeer, ambaye leo anatajwa kwa heshima kila mahali, alifariki 1675 akiwa na madeni, na mjane wake alieleza kwamba tangu vita vianze mumewe hakuweza kuuza kazi zake. Huyo ndiye aliyebaki nyumbani.

Kwa akina Van de Velde kulikuwa na ya ndani pia. Adriaen, mtoto wa kiume wa pili, mchoraji hodari wa mashamba na mifugo, alikufa Januari 1672. Ndoa ya mzee ilikuwa imevunjika kwa ugomvi wa miaka mingi, ambao watafiti wa nyaraka wanasema yeye mwenyewe aliuchochea. Na kutoka ng'ambo kulikuwa na sauti inayoita: mwaka 1672 Charles II alitoa tangazo la kuwakaribisha Waholanzi wanaotaka kuhamia Uingereza. Mzee alikuwa na kazi inayohitaji meli, wateja wenye fedha na amani ya kutosha kukaushia rangi. Amsterdam ya mwaka huo haikuwa na hata kimoja cha uhakika.

Mtetezi ataongeza kwamba hata kabla ya hapo mzee alikuwa akiuza nje. Kardinali Leopoldo de' Medici wa Firenze alikuwa mteja wake. Fundi wa karne ya 17 alikuwa na chama chake, mji wake na wateja wake. Taifa lenye wimbo na pasipoti, linalodai moyo wa mtu mzima mzima, ni jambo la baadaye sana, na ni rahisi kumhukumu mtu kwa sheria ambayo haikuwa imetungwa. Hoja hii naikubali nusu. Waholanzi waliomuua de Witt walijua vizuri neno msaliti na wakalitumia. Lakini ni kweli kwamba mchoraji hakula kiapo cha askari.

Kuhusu zile nyuso za meli, mtetezi anacheka. Siri gani hiyo? Rubani yeyote wa mto Thames alizijua meli za Uholanzi, na Waingereza walikwisha kuteka kadhaa na kuzipeleka kwao, wakapima walichotaka kupima. Sijawahi kuona ushahidi kwamba michoro ile ilisaidia kuzamisha hata mtumbwi.

Halafu kuna suala la ukweli wa kazi yenyewe, na hapa utetezi unapata pumzi. Turudi kwenye yale mazulia ya Solebay, kielelezo kikubwa cha mashitaka. Mojawapo linaonesha kuungua kwa Royal James. Hiyo ilikuwa meli ya Waingereza, yenye mizinga 100, iliyoteketezwa na meli ya moto ya Waholanzi, yaani chombo kinachowashwa makusudi na kusukumwa kwa adui. Admirali wa Waingereza aliyekuwa ndani yake, Edward Montagu, Earl wa Sandwich, alifia katika tukio hilo, na mwili wake ulipookotwa baharini siku kadhaa baadaye ulitambuliwa kwa mavazi na nishani. Mfalme aliyelipa alitundikiwa ukutani msiba wake mwenyewe, na moshi wake wote. Mchoraji wa kujipendekeza angeanza na ushindi.

Mwanawe anatoa mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 1687, akiwa Uingereza, Willem mdogo alichora pigano la Texel la Agosti 1673, picha yenye upana wa mita tatu, na katikati akaiweka Gouden Leeuw, meli ya bendera ya admirali wa Kiholanzi Cornelis Tromp, imesimama ikimwaga mizinga pande zote. Texel ndilo pigano lililozima mpango wa Waingereza na Wafaransa wa kushusha jeshi Uholanzi. Wakati picha inachorwa, mfalme wa Uingereza ni James II, yuleyule ambaye akiwa Duke wa York aliongoza msafara wa Waingereza Solebay. Picha hiyo leo iko Greenwich. Katika kazi hii shujaa ni Mholanzi, na mkono uliomchora ni wa mtu aliyehamia kwa Waingereza miaka kumi na minne kabla.

Kwa hiyo nani ana haki? Binafsi nadhani pande zote mbili zinaangalia bendera mno. Mimi naangalia ile galioti.

Chini ya De Ruyter amri ilisema nahodha ampeleke mchoraji anakotaka. Uamuzi wa pa kusimama ulikuwa wake. Alipofika Uingereza, miaka yake 61 haikumzuia: kiangazi cha 1673 aliingia baharini tena, safari hii na Waingereza, katika mapigano mawili ya Schooneveld. Lakini msafara ulipojiandaa kwa mkondo wa mwisho, ambao ungekuwa Texel, mfalme alimzuia. Hatari ni kubwa mno, abaki nchi kavu. Kwa macho ya huruma ni wema. Kwa macho mengine, mzee alikuwa ameshaingia kwenye orodha ya mali za mfalme, na mali haipelekwi mahali inapoweza kuzama.

Soma hati ya mshahara ya 1674 uone. Pauni 100 kwa mwaka kwa Van de Velde mkubwa kwa kuchukua na kutengeneza michoro ya mapigano ya baharini. Pauni 100 kwa mdogo kwa kuitia michoro hiyo rangi, kwa matumizi mahususi ya mfalme. Duke wa York akaongeza pauni 50 kila mmoja. Zile za mfalme peke yake, zikiunganishwa, zinalingana na pauni 200 alizokuwa akilipwa Peter Lely, mchoraji mkuu wa sura za watu pale ikulu. Haikuwa pesa ya kubezwa. Ila angalia kazi ilivyogawanywa: mmoja anaona, mwingine anapaka rangi, wa tatu anatumia. Na baada ya 1674 Uingereza haikupigana tena na Waholanzi maisha yake yote. Yule aliyeajiriwa kuona mapigano hakuwa na pigano la kuliona. Alichora matembezi ya wafalme kwenye meli, sherehe, boti za kifahari, na kwa mapigano akarudi kwenye makabati yake.

Makabati hayo yalifanya kazi kweli. Karakana ya Greenwich ilikuwa na mbinu ya kuhamisha mchoro kutoka karatasi moja kwenda nyingine kwa kuzikandamiza pamoja, hata meli iliyokuwa ikielekea kushoto ikatoka inaelekea kulia, kisha mistari iliyofifia inakaziwa kwa kalamu. Meli moja iliyoonwa mara moja ingeweza kuzaa nyingine nyingi. Jumba la makumbusho la bahari la Greenwich pekee lina michoro yao ipatayo 1,400. Ukiipitia, hata kwa njia ya skrini, utaona jambo dogo linalogusa: maelezo ya pembeni yanaendelea kuwa ya Kiholanzi miaka baada ya kuhama, na majina ya meli za Waingereza yameandikwa jinsi sikio la Mholanzi linavyoyasikia. Mshahara ulibadilika. Lugha ya mkono haikubadilika.

Nisieleweke kwamba wakati wa galioti kila kitu kilikuwa ushahidi safi. Mtu aliyeketi kwenye mashua ndogo katikati ya pigano anaona tezi, moshi na maji. Hawezi kuona msafara wa meli mia umepangika kama chapati kwenye sinia. Ile kazi ya Ter Heijde ilimalizika miaka minne baada ya pigano, na ndani yake moshi unajua mahali pa kufunguka ili tuione meli muhimu. Kupanga kulikuwepo tangu Amsterdam. Hata picha ya mwanawe ya kusalimu amri kwa Royal Prince, ile meli kubwa ya Waingereza iliyokwama kwenye fungu la Galloper mwaka 1666 na admirali wake George Ayscue akachukuliwa mateka, ilichorwa kumfurahisha Mholanzi mnunuzi. Tofauti ninayoiona ni kwamba upangaji wa kwanza ulikuwa juu ya kitu kilichoonwa. Texel ya 1687, pamoja na utukufu wake, ni upangaji juu ya masimulizi ya wengine na meli za kabatini. Ni picha bora zaidi. Na kama hati ya kihistoria ningeiamini kidogo zaidi ya nusu.

Hapo ndipo naona hasara halisi ya kuhama, na haihusiani na uzalendo. Waholanzi walimpoteza mchoraji, na wangeweza kumpata mwingine. Ulimwengu ulimpoteza shahidi, kwa sababu mtu yule London alipewa kila kitu isipokuwa kile alichokuwa anapewa bure kwao, yaani chombo na uhuru wa kusema nipeleke pale.

Kuna wengine wa kulinganisha naye. Adam Frans van der Meulen alitoka Brussels akaenda kumchorea Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, vita dhidi ya nchi aliyotoka, na alifuatana na mfalme kwenye kampeni, lakini alisimama pale mfalme aliposimama, na picha zake zinasema hivyo: mbele farasi na makoti mazuri, mji unaozingirwa uko mbali kama kitu cha kuchezea. Jan Wyck, mzaliwa wa Haarlem, alikuwa London miaka hiyohiyo ya 1670, na baadaye akachora mapigano ya nchi kavu ya William III, pigano la Boyne la 1690 likiwemo. Kwake hakuna anayeuliza swali la usaliti, kwa sababu ya bahati ya kalenda tu. Mwaka 1689 William huyo, mtawala wa Kiholanzi, alikikalia kiti cha ufalme cha Uingereza, na kumtumikia adui kukageuka kumtumikia mtu wa kwenu.

Utawala huo mpya haukuwa na neema kubwa kwa baba na mwana. Mwaka 1691 waliondoka Greenwich wakahamia upande wa Westminster. Mzee alifariki Desemba 1693 akazikwa katika kanisa la St James, Piccadilly. Jiwe lake la kaburi lilimtambulisha kuwa mchoraji wa mapigano ya baharini wa wafalme Charles II na James. De Ruyter hayumo, wala ile galioti, na hata William, Mholanzi aliyekuwa akitawala siku jiwe hilo lilipowekwa, jina lake halikuchongwa.